Muulize Daktari: mpira wa figo umekaa miezi mitano, nani aubadilishe?

Barua za safari hii karibu zote ni za tiba radiolojia, yaani ile tiba ambayo daktari anaongozwa na picha, iwe eksirei, utrasaundi au siti skani, anapitisha sindano na waya na mpira mwembamba mpaka kwenye tatizo bila kukupasua. Ndio kazi yangu ya kila siku kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kwa kirefu, kuna barua moja humu nimeisoma mara tatu.

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 41, nina faibroidi (uvimbe kwenye kizazi), hedhi ni nzito mpaka nimeongezewa damu mara mbili. Daktari wa wanawake kasema dawa ni kutoa kizazi. Shoga yangu anasema siku hizi wanaziba mishipa kupitia mkononi na kesho yake unarudi nyumbani. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni? Na nikifanya hivo nitaweza kuzaa tena? – Mwenye Mawazo

JIBU: Marahaba dada yangu. Ni kweli, na wala sio jambo la jana, madaktari wa Ufaransa walichapisha kuhusu wagonjwa wao wa kwanza mwaka 1995. Tunachofanya ni hivi, tunakuchoma ganzi kwenye kifundo cha mkono au kinenani, tunaingiza katheta, yaani ule mpira mwembamba, ambayo hata kijiti cha kiberiti kinaizidi unene, tunaisogeza huku tunaangalia kwenye skrini mpaka mshipa unaolisha kizazi, upande mmoja kwanza alafu wa pili. Tukimwaga ile dawa ya kontrasti, inayofanya mishipa ionekane kwenye picha, unaona faibroidi inajaa mishipa kama mti wenye matawi mengi kuliko majani. Hapo ndio tunaanza kuachilia punje ndogo sana, za nusu milimita mpaka karibu milimita moja, taratibu, taratibu, maana ukisukuma kwa nguvu zinarudi nyuma na kwenda kusikotakiwa. Damu inapungua kasi, inapungua, mpaka unaona dawa imesimama kwenye mshipa, moyo unapiga mara tano bado ipo palepale, hapo unaacha. Faibroidi inakosa chakula inakufa na kusinyaa, kizazi chenyewe kinabaki hai kwa sababu kina mishipa mingine ya kukisaidia.

Sasa ambacho shoga yako hajakwambia ni maumivu. Siku ya kwanza yanakuwa makali, wala usikubali mtu akwambie hutasikia kitu, ndio maana unalala hospitali usiku ule na dawa za maumivu zinapangwa kabla hata hatujakugusa. Baada ya hapo siku kadhaa unakuwa na uchovu, homa kidogo, kichefuchefu, hiyo ni kawaida. Ila ikipita wiki alafu homa ikapanda, au ukaanza kutoka uchafu wenye harufu mbaya, usikae nyumbani unasubiri, rudi siku hiyohiyo. Hedhi huwa inapungua ndani ya mizunguko michache, uvimbe wenyewe unaendelea kusinyaa kwa miezi 3 mpaka 6.

Kuhusu kuzaa nitakwambia ukweli hata kama unaipunguzia sifa kazi yangu. Wanawake wanapata mimba baada ya tiba hii, wapo, lakini kama mtoto ndio lengo lako kubwa basi kwanza kaa na daktari wa wanawake mzungumzie kutoa faibroidi peke yake na kuacha kizazi. Uingereza walilinganisha njia hizo mbili kwa wanawake 254, matokeo yakatoka 2020, na miaka miwili baadae waliofanyiwa upasuaji wa kutoa faibroidi walikuwa na hali bora zaidi ya maisha, ingawa makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa. Pia kuna uwezekano mdogo wa hedhi kukoma mapema, na unaongezeka kadri umri unavosogea. Kama hutaki mtoto tena na hutaki kisu, tiba hii ni yako kabisa. Ila kabla ya yote wahakikishe hiyo damu haitoki kwa sababu ya saratani, na ukipata picha ya MRI kabla ni vizuri zaidi.

Na mtu asikwambie uchague leo palepale kwenye kiti. Kama hali yako ya damu inaruhusu, rudi nyumbani ukafikirie.

SWALI: Mimi nina aleji ya kamba na kaa. Nimeambiwa nitachomwa dawa ya kontrasti kabla ya kuzibuliwa mshipa wa mguu na nimesoma kwamba ina ayodini, itaniua? – Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Hapana. Aleji ya kamba inatokana na protini ya kamba, haina uhusiano na ayodini. Kitu cha kuwaambia ni kama umewahi kupata shida na dawa ya kontrasti yenyewe, kama una pumu, hali ya figo zako, na dawa unazomeza hasa za kisukari na za kuzuia damu kuganda. Waambie na hiyo ya kamba pia, waandike tu, ila isikunyime tiba.

SWALI: Daktari salaam. Mke wangu ana saratani ya shingo ya kizazi, ilibana mirija ya mkojo figo zikaanza kufeli, wakamwekea mipira miwili mgongoni ya kutoa mkojo kwenye figo. Nashukuru sana ilimuokoa. Sasa ni mwezi wa tano. Hakuna aliyetuambia ibadilishwe lini. Wodini wanasema nenda kwa walioweka, walioweka wanataka barua ya daktari wa saratani, daktari wa saratani anasema mambo ya mipira sio yake. Mpira wa kulia tangu juzi unatoa mkojo kidogo sana. Nifanyeje? – Mume

JIBU: Kaka yangu, mpeleke leo. Sio kesho, leo, na usingoje barua ya mtu yeyote, nenda dharura waambie maneno haya: ana mipira ya figo ya miezi mitano na wa kulia umeacha kutoa. Akiwa na homa au anatetemeka basi hata kama unasoma hii saa nane usiku nenda saa nane usiku, kwa sababu mkojo uliokwama kwenye figo ukiingia vijidudu unaweza kumuangusha mtu ndani ya masaa machache.

Mipira hii kwa kawaida inabadilishwa kila miezi 2 mpaka 3 hivi. Sababu ni kwamba chumvi za mkojo zinaganda ndani yake na vijidudu navyo vinajenga makazi humo. Kubadilisha kwenyewe ni kazi ndogo, tundu likishakomaa tunapitisha waya ndani ya mpira wa zamani, tunautoa, tunapitisha mpya juu ya waya uleule, mara nyingi haichukui hata nusu saa. Ila ukiacha mpaka uzibe kabisa, kazi ndogo inageuka kubwa.

Najua hivo kwa sababu imenipata. Miaka ya nyuma, sitasema wapi, aliletwa mzee mmoja na mpira wa figo, waya ukagoma kupita. Nikajaribu mwingine mwembamba, ukagoma. Tulipofanikiwa kuutoa ule mpira, baada ya kuhangaika muda mrefu na mzee ameuma meno ananiangalia tu, nikaukata kwa mkasi nione ndani kuna nini, kulikuwa na ukoko mgumu wa rangi ya udongo, kama ule wa ndani ya birika la zamani, umejaa mpaka hakuna hata tundu la kupitisha uzi. Nikamuuliza nesi aniletee faili nione nani aliweka. Ni sahihi yangu. Nilikuwa nimeuweka mimi, vizuri kabisa, ripoti nimeandika vizuri, alafu nikaingia kwa mgonjwa aliyefuata na sikumwandikia mzee yule tarehe ya kurudi. Kila mtu aliyemuona baada ya pale alidhani kuna mwingine anaufuatilia.

Kwa hiyo unaponiambia mnarushwa huku na kule nakuelewa, na nasema wazi hili ndio tatizo kubwa la fani yetu, naliona kubwa kuliko la mashine. Tumezoea kuitwa, tunakuja, tunafanya, tunaondoka, mgonjwa anabaki wa wengine. Mfano mwingine ni vile vichujio vya chuma vinavyowekwa kwenye vena kubwa ya tumboni kuzuia mabonge ya damu yasipande kwenye mapafu. Vingi vimetengenezwa vitolewe hatari ikishapita, ila vilisahaulika ndani ya watu, vingine vikavunjika, vingine vikahama, mpaka mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikatoa tahadhari kwa madaktari kwamba kichujio kikishakuwa hakihitajiki kitolewe. Yaani ilibidi watu wakumbushwe kutoa kitu walichokiweka wenyewe! Siku hizi vitengo vingi vina orodha, kila kifaa kinachobaki mwilini kina jina la mgonjwa, namba ya simu, na tarehe ya kurudi, na kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuipitia hiyo orodha. Ni daftari tu, na limeokoa figo nyingi.

Wewe kwa upande wako, wakishabadilisha usitoke pale bila vitu viwili vimeandikwa kwenye karatasi, tarehe ya kubadilisha tena na namba ya simu ya kitengo kilichoweka. Piga picha karatasi hiyo ikae kwenye simu yako na ya mtu mwingine wa nyumbani. Mpira ukichomoka wenyewe usijaribu kuurudisha, funika kwa kitambaa safi mwende mara moja, manake lile tundu linaanza kujifunga haraka, mkichelewa itabidi achomwe upya. Na mkojo ukianza kuvuja pembeni, au ukawa na damu nyingi, au mgongo ukauma upande mmoja, usihesabu siku zilizobaki, nenda.

Mwambie mkeo nampa pole, na uniandikie tena uniambie ilikuwaje.

SWALI: Baba aliamka amepooza upande mmoja hawezi kuongea. Hospitali ya kwanza wakasema muda wa dawa ya kuyeyusha damu umepita. Nimekuja kusikia baadae kuna kuvuta lile bonge la damu kwa waya mpaka masaa 24. Tulidanganywa? – Mtoto wa Kwanza

JIBU: Pole sana. Sidhani kama mlidanganywa, dawa ya kuyeyusha ina dirisha la masaa manne na nusu hivi tangu dalili zianze, na mtu aliyeamka nayo huwezi kujua ilianza saa ngapi. Kuvuta bonge ni jambo lingine. Mwaka 2015 zilitoka tafiti tano mfululizo, ya kwanza ya Uholanzi, zikaonyesha kwamba kwa mtu aliyezibwa mshipa mkubwa wa ubongo kulivuta bonge kunamrudishia uwezo wa kujitegemea kuliko dawa peke yake. Wakati ule tulikuwa tunazungumzia masaa 6. Alafu 2018 zikaja mbili nyingine, moja ikafika masaa 16 na nyingine masaa 24, lakini kwa wale tu ambao picha inaonyesha bado kuna sehemu ya ubongo inayoweza kuokolewa. Sio kila kiharusi kina bonge kwenye mshipa mkubwa, kingine ni damu imevuja, na huyo ukimpa dawa ya kuyeyusha unammaliza.

Shida kubwa ni kwamba tiba hii inahitaji timu nzima macho usiku, daktari, nesi, radiografa, mtu wa usingizi, na siti skani inayofanya kazi, na hospitali nyingi duniani hazina. Wakati wa kusubiri ubongo unapoteza takriban seli milioni 1.9 kila dakika. Kwa hiyo kitu cha kukariri nyumbani ni swali moja: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Sio saa aliyokutwa, saa aliyoonekana mzima. Jibu hilo linaamua mengi kabla hata hajafika kwenye mashine.

SWALI: Mimi ni nesi kwenye chumba cha angio (kile cha tiba ya mishipa kwa eksirei), nina mimba ya wiki 10, sijamwambia mtu kazini naogopa watanihamisha. Aproni ya risasi inatosha? – Nesi

JIBU: Mdogo wangu hongera. Mwambie msimamizi wako kesho asubuhi, kwa maandishi, kwa sababu ulinzi wa mtoto unaanza siku uliposema. Miongozo ya kimataifa inataka mtoto tumboni asizidishe milisiveti 1 (kipimo cha mionzi) kwa muda wote uliobaki wa mimba, wakati mfanyakazi mwingine anaruhusiwa wastani wa 20 kwa mwaka kwa miaka mitano, na mwaka mmoja wowote usizidi 50. Wengi wakijipanga wanaendelea kufanya kazi salama, wengine wanaomba kupumzika na chumba kile, vyote ni haki yako.

Aproni inazuia sehemu kubwa ya mionzi lakini usiitegemee yenyewe. Mionzi inayokufikia wewe kwa wingi inatawanyika kutoka kwenye mwili wa mgonjwa, kwa hiyo silaha yako ni hatua za miguu. Ukisogea umbali mara mbili kipimo kinashuka mpaka robo. Wakati wa zile picha za mfululizo, zile ambazo radiografa anasema tayari na wote wanatulia, toka uende nyuma ya kioo, usione aibu, daktari mwenye akili naye anatoka. Vaa beji ya pili ya kupima mionzi tumboni ndani ya aproni na isomwe kila mwezi. Beji inayokaa kwenye droo haimlindi mtu, na nimeziona nyingi sana kwenye droo.

Niongeze kwa wote wanaofanya kazi hii, macho. Mwaka 2011 kikomo cha lenzi ya jicho kilipendekezwa kishushwe kutoka milisiveti 150 kwa mwaka mpaka 20, kwa sababu ilionekana mtoto wa jicho anakuja kwa dozi ndogo kuliko tulivodhani. Ile ngao ya kioo inayoning'inia darini ishusheni, miwani ya risasi vaeni. Na migongo yenu pia, masaa sita umesimama na aproni nzito sio mchezo, ile ya vipande viwili inayogawa uzito kiunoni inasaidia.

SWALI: Niko mwaka wa nne wa udaktari, naipenda tiba radiolojia ila wenzangu wanasema ni fundi wa mabomba tu, wengine wanasema roboti na akili mnemba zitaimaliza. Unanishauri nini, na nini kipya huko kwenu? – Mwanafunzi

JIBU: Mwanangu, fani hii ni kama ina siku yake ya kuzaliwa. Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alionyesha mwaka 1953 jinsi ya kuingia kwenye mshipa kwa sindano, waya, alafu katheta, na mpaka leo asubuhi nimefanya vilevile. Tarehe 16 Januari 1964 pale Portland, Marekani, Charles Dotter alipewa bibi wa miaka 82 ambaye vidole vya mguu vilishaanza kuoza na amekataa kukatwa. Akapitisha waya kwenye mshipa uliobana pajani, akaupanua kwa katheta juu ya katheta. Mguu ukapata joto, kidonda kikapona, na bibi akaishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Vipya viko vingi. Kinachonisisimua zaidi ni cha wazee wanaovujiwa damu taratibu juu ya ubongo baada ya kuanguka, ambao ilikuwa wanatobolewa fuvu na kwa wengine damu inarudi tena, sasa tunaziba pia mshipa mdogo unaolisha utando wa ubongo na damu hairudi mara kwa mara, tafiti kubwa zilichapishwa 2024. Oktoba 2023 Marekani iliruhusu mashine inayovunja uvimbe wa ini kwa mawimbi ya sauti bila hata sindano. Kuna punje zenye mionzi zinazoachiliwa ndani ya saratani ya ini. Kuna kuziba vimishipa vya goti kwa wenye maumivu ya muda mrefu, kazi iliyoanzia Japani, hapo mimi bado naenda polepole, nataka nione wagonjwa wakifuatiliwa miaka mingi zaidi. Roboti na akili mnemba zitatusaidia kusoma picha na kukaa mbali na mionzi, lakini mshipa unapopasuka saa tisa usiku kuna mtu lazima asimame pale.

Hiyo ya fundi wa mabomba usiikasirikie, itafakari. Kazi ya kuzibua mishipa ya miguu aliyoianzisha Dotter, leo sehemu nyingi inafanywa na madaktari wa moyo na wapasuaji wa mishipa. Hawakuichukua kwa hila. Wao walikuwa na kliniki, mgonjwa alikuwa anarudi kwao, wanamjua jina, wanamjua na dawa anazoacha kumeza, na sisi tulikuwa tunasubiri fomu ya ombi ije. Marekani waliitambua tiba radiolojia kama fani kamili mwaka 2012, na mafunzo yake sasa yanahesabu kliniki na wodi. Nenda pale unapofundishwa hivo.

Ukija kujifunza kwa vitendo, omba usianzie kwenye chumba cha angio. Anzia siku ya kliniki, kaa na mgonjwa umueleze mwenyewe tunataka kumfanyia nini, umsikilize akiuliza. Alafu ingia ushike waya. Ukimaliza ukatoa katheta kinenani, bonyeza kwa vidole vyako mwenyewe zile dakika 15, usimwachie mtu mwingine, usitazame simu, ongea naye. Kesho yake kabla ya raundi chukua daftari, upige simu kwa kila uliyemgusa jana.